Mteja wa Dar haandiki "stima"

Kijana alikuwa na jedwali la maneno kama mia mbili, yote ya Kiswahili, tayari kuyapandisha Google jioni ile ili kampuni ianze kuuza Tanzania. Ofisi iko Westlands, Nairobi, ghorofa ya nne, na kutoka dirishani unaona magari ya Waiyaki Way yalivyoshikamana. Mstari wa kwanza wa jedwali ulisomeka "nunua tokeni za stima". Mhasibu wa ofisi, mwanamke aliyekulia Temeke, alikuwa anapita nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai. Akasimama, akasoma.

"Kaka, Dar hakuna atakayeandika hivyo. Sisi tunanunua umeme wa LUKU."

Akashuka na orodha kidole kikiwa kwenye kioo. Kredo? Kule ni vocha. Nyumba ya kukodisha? Kule ni nyumba ya kupanga. Kufika mstari wa thelathini, kijana alikuwa amefunga jedwali na kumvutia kiti. "Dada, kaa hapa tuanze upya."

Nimekumbuka tukio hilo kila mara ninapoulizwa jinsi kampuni ya Nairobi inavyoweza kupeleka matangazo yake ya utafutaji kwenye soko la lugha ya kigeni. Wanaouliza huwa wanafikiria Kijerumani au Kichina. Kwa maoni yangu, soko la lugha ya kigeni linaloipotezea Nairobi fedha kuliko yote ni Tanzania, kwa sababu hatulioni kuwa la kigeni. Anayeuza safari za Maasai Mara kwa Wajerumani anajua hajui Kijerumani, hivyo anatafuta mtu anayekijua na anamlipa. Anayeuza Dar anaamini lugha ni yake tangu chekechea, kwa hiyo haulizi mtu.

Tuanze na namna mashine inavyofanya kazi, maana hapo ndipo kosa la neno moja linapogeuka bili. Google ilianzisha huduma ya kuuza matangazo yanayofuata maneno ya utafutaji Oktoba 2000, kwa jina la AdWords. Tangu Julai 2018 huduma hiyo inaitwa Google Ads. Mtangazaji anataja maneno anayoyataka na dau lake. Mtu akiandika neno hilo kwenye kisanduku cha utafutaji, mnada unafanyika papo hapo, na mshindi hulipa mtu anapobofya. Dau peke yake halitoshi kushinda. Google hupima pia uwezekano wa tangazo kubofywa, jinsi linavyooana na kilichotafutwa, na hali ya ukurasa ambao mteja ataufikia. Tangazo lililo karibu na maneno ya mteja linaweza kulipiwa kidogo na bado likakaa juu ya tangazo la tajiri. Kwa hiyo anayejua neno halisi la mteja analipa kidogo, na asiyelijua analipa zaidi kwa nafasi ya chini, au haonekani kabisa.

Je, Watanzania hutafuta kwa Kiswahili kweli? Hili swali huulizwa Nairobi kwa sababu sisi wenyewe hatufanyi hivyo sana. Mwanafunzi wa Kenya akingoja matokeo huandika KCSE na mwaka. Mwenzake wa Tanzania huandika "matokeo ya kidato cha nne", kishazi kizima, na siku Baraza la Mitihani linapotangaza, kila tovuti ya habari kule hukimbilia kukiweka kwenye kichwa cha habari yake. Watafuta ajira huandika "nafasi za kazi". Shule za msingi za umma Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na mtu aliyejifunza kuhesabu kwa lugha fulani huuliza bei kwa lugha hiyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini humo, na kufikia 2023 takwimu za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, zilionyesha laini zinazotumia intaneti zimepita milioni 30. Ni soko kubwa kuliko letu kwa idadi ya watu, na lango lake liko Namanga, safari ya saa chache kutoka katikati ya jiji.

Sasa maneno yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha jambo. Tofauti kama stima na umeme ni rahisi: ukiambiwa mara moja unakumbuka. Zinazoumiza ni zile ambazo neno ni lilelile huku na kule. Chukua "kodi". Wakala wa nyumba wa Kilimani analiwekea dau akidhani anawapata watu wanaotafuta makazi. Tanzania neno hilo linamfikisha kwanza kwa watu wanaotaka kujua wanadaiwa nini na Mamlaka ya Mapato. Halafu kuna programu ya kutazamia filamu iitwayo Kodi, yenye watumiaji dunia nzima. Watu wa aina tatu wanaandika herufi nne zilezile, na wakala analipia wote.

Au chukua "safari". Kwa Mjerumani neno hilo maana yake ni simba na hema, na kampuni zetu za utalii zimejenga biashara nzima juu yake. Kwa Mswahili safari ni safari: ya basi la Dar, ya kwenda msibani, ya Hija. Anayeandika "safari za Nairobi" akiwa Arusha huenda anatafuta nauli na saa ya kuondoka. Na kama mtangazaji ameruhusu ulinganishaji mpana, ule unaoiachia Google iamue neno gani linafanana na gani, asishangae kukuta kwenye ripoti yake watu waliokuwa wakiitafuta Safaricom.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo ni la sarufi. Kiswahili humgeuza mnunuzi kuwa muuzaji kwa silabi moja. Anayekopa anahitaji fedha, anayekopesha anazo. Anayepanga anatafuta chumba, anayepangisha ana nyumba. Mteja huandika "gari la kukodi", na kampuni ya Nairobi, ikijieleza yenyewe, huweka dau kwenye "kukodisha magari". Mfumo uliokuzwa na Kiingereza, ambako wingi ni herufi moja mwishoni, huona maneno haya kama tahajia mbili za kitu kimoja au kama vitu visivyohusiana hata kidogo. Yote mawili ni hasara. Ongeza ngeli: gari la kukodi, gari ya kukodi kama wengi wanavyosema mtaani, magari ya kukodi. Ongeza chumba cha kupanga, vyumba vya kupanga, nyumba inayopangishwa. Hitaji moja limegawanyika vipande sita au saba, na Google huwa inalizima neno lenye watafutaji wachache mno. Hivyo mtangazaji anaambiwa hakuna anayetafuta nyumba Dar, kumbe wapo, ila wametawanyika kwenye viambishi.

Dawa yake haihitaji ufundi mkubwa. Weka vipande vyote pamoja katika kundi moja la matangazo, anza na ulinganishaji wa kishazi, unaotaka maana ya kishazi chako iwemo katika kilichotafutwa, badala ya ule mpana, na kila Jumatatu fungua ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika kwa mikono yao. Ripoti hiyo ni mwalimu wa lugha. Ndani yake utayakuta pia maneno ya kuzuia, yaani yale usiyotaka tangazo lako litokee yanapotafutwa. Mkopeshaji wa mtandaoni asiyejua kuwa Watanzania huita mikopo ya kinyonyaji "kausha damu" atawalipia watu wanaotafuta namna ya kujinasua. Tena aangalie leseni yake kabla ya tangazo: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini.

Google yenyewe imekuwa na nyuso mbili kwa Kiswahili. Ilifungua ofisi Nairobi mwaka 2007. Kiswahili kiliingia kwenye kitafsiri chake Agosti 2009, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikaendesha shindano la wanafunzi wa Kenya na Tanzania la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili. Agosti 2017 ilianza kuelewa Kiswahili cha kusemwa katika utafutaji wa sauti. Lakini upande wa fedha, orodha ya lugha ambazo mtangazaji aliweza kuchagua kwenye Google Ads ilikaa kwa miaka mingi bila Kiswahili, wakati Kiaislandi, lugha ya kisiwa chenye watu wasiofika laki tano, kilikuwemo. Mtangazaji alilazimika kuchagua Kiingereza au lugha zote, kisha aandike tangazo la Kiswahili akijua kwamba kanuni zinaruhusu tangazo la lugha isiyotambuliwa kukataliwa. Lugha ya mamilioni ilipitishwa dirishani. Naliona hili kuwa dhuluma ya kibiashara, na kampuni za Nairobi, ambazo ndizo wateja wa Google katika eneo hili, zilipaswa kulipigia kelele kuliko mtu yeyote.

Katika hali hiyo kilichofanya kazi ni kuchagua lugha zote, kufunga eneo kuwa Tanzania, na kuyaacha maneno yenyewe yachuje wateja. Hapo kwenye eneo kuna mtego mwingine. Mpangilio unaokuja na akaunti huhesabu walioko mahali pale pamoja na wanaopendezwa napo. Muuza bima ya magari anayelenga Zanzibar anaweza kujikuta akilipia mibofyo ya watu wa London wanaopanga fungate. Badilisha ibaki "walioko" tu.

Kisha kuna nafasi. Kichwa cha tangazo hakizidi herufi 30, maelezo hayazidi 90. "Nyumba za kupanga Dar es Salaam" ni herufi 31 ukihesabu na mapengo. Nimeona mtu akihangaika nusu saa kuinyofoa ile moja iliyozidi, akajaribu kufuta "za", akajaribu "kupanga nyumba", ambayo tayari ina maana nyingine. Mtu wa Dar angemaliza kazi kwa sekunde moja, maana yeye haandiki jina zima la mji. Anaandika Dar, au anaandika Sinza, Tabata, Kigamboni, kwa sababu hakuna anayetafuta chumba "Dar es Salaam" kama ambavyo hakuna anayetafuta chumba "Nairobi" bila kusema Kawangware au Kileleshwa.

Tuseme mteja amebofya. Anafika kwenye ukurasa ambao mara nyingi umetafsiriwa na mashine usiku mmoja. Kitufe kimeandikwa "Pata nukuu". Nukuu ni maneno ya mtu yaliyonakiliwa. Mteja alitaka kujua bei, na "Uliza bei" ingetosha. Kwenye tovuti za hoteli nimekuta "Kitabu sasa" pale mgeni alipotakiwa kuweka nafasi. Chini kabisa: "Tunafungua saa 8 asubuhi". Kwa Mswahili saa nane ni baada ya chakula cha mchana au katikati ya usiku; ofisi inayofunguliwa saa 8 asubuhi haipo duniani. Akishavumilia hayo, anaambiwa alipe kwa Paybill, neno ambalo kwa Mkenya ni kama jina la jirani. Mtanzania amezoea Lipa Namba, na fedha zake huenda ziko M-Pesa ya Vodacom, au Airtel Money, au HaloPesa, au ile iliyoitwa Tigo Pesa kabla ya kuwa Mixx by Yas. Namba ya simu inaanza na 254. Bei imeandikwa "kuanzia 5,000" bila kutaja shilingi ya nani, wakati moja yetu ni takribani 20 zao. Mtu mwenye busara hufunga ukurasa hapo, na kampuni inaandika kwenye ripoti yake kwamba soko la Tanzania halina uwezo.

Bima inafundisha vizuri hapa, maana Westlands na Upper Hill zimejaa ofisi zake. Nairobi tunasema tu majina ya Kiingereza ya bima ya kulinda gari lote na ile ya kulinda wengine. Tanzania watu wameshajipatia lao: bima kubwa. Ni maneno mawili mafupi, kila dereva anayajua, na "Pata bima kubwa ya gari leo" ni herufi 27. Ukienda kwenye kamusi kutafuta tafsiri ya neno la Kiingereza utarudi na "bima kamili" au "bima jumuishi", ambayo ni sahihi na haimpati mtu. Vivyo hivyo mabati. Kundi la Safal lina Mabati Rolling Mills kwetu Kenya na ALAF kule Dar es Salaam, mwenye mali mmoja na bidhaa za aina moja. Lakini mjenzi wa Mbezi huuliza "bati la msauzi", na jina hilo hakuna mtu wa Nairobi angelibuni akiwa kwenye meza yake.

Ubishi wa Kiswahili cha nani kitawale si wa jana. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu badala ya Kimvita cha wenyeji wa mji uleule. Tangu hapo Wakenya tumejifunza shuleni lugha ambayo rasmi ni ileile ya Tanzania, halafu tukitoka darasani tunaishi kwa Sheng na Kiingereza. Ndiyo maana mtu wa Nairobi huandika tangazo la Dar kwa moja ya njia mbili: insha ya shule, au lugha ya matatu. Zote mbili zinasikika kama za mgeni.

Wapo waliolijua hili zamani, na wako Kimathi Street. Nation Media Group inachapisha Taifa Leo hapa Nairobi, gazeti la Kiswahili lenye mizizi ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilipoingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikusafirisha Taifa Leo hadi Dar. Ilinunua Mwananchi, ikaliacha liandikwe na Watanzania katika chumba chao cha habari. Kampuni moja ikawa na magazeti mawili ya Kiswahili, kila moja na lugha ya wasomaji wake. Hata wenye viwango vya kompyuta wanatenganisha: tovuti inaweza kuiambia Google kwamba ukurasa huu ni sw-KE na ule ni sw-TZ, na kila mtafutaji akapelekwa kwake. Ni mistari michache ya msimbo, lakini kurasa zenyewe lazima ziandikwe mara mbili.

Kalenda nayo si moja. Tarehe 7 Julai kwa Mkenya inarudisha kumbukumbu za mabomu ya machozi katika maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi. Dar siku hiyo ni sikukuu ya maonyesho ya biashara, familia zinakwenda uwanjani na watoto, na wauzaji wanatoa ofa za Sabasaba. Mwezi mmoja baadaye inakuja Nane Nane ya wakulima, ambayo kwenye kalenda ya Nairobi haipo. Anayeuza pampu za maji na mbegu bila kuijua tarehe 8 Agosti anakosa wiki yake bora.

Lugha nyingine nizitaje kwa kifupi. Kijerumani kina faida kwamba soko limekomaa na maneno yake yanajulikana. Mjerumani hupenda kuunganisha mbuga na ufuko katika utafutaji mmoja, na kampuni za Nairobi zilizo na watu wa Diani zinafaidika. Kichina kinahitaji Baidu, ambayo ina taratibu zake za usajili, na biashara ndogo ya Luthuli Avenue haina sababu ya kuanzia huko. Goma na Bukavu ni jambo la kufikiriwa zaidi. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mkataba ukatiwa sahihi hapa Nairobi, na wafanyabiashara wengi wakadhani Kiswahili kingewatosha. Kule Kiswahili ni cha kuzungumza. Shule na ofisi ni Kifaransa, na mtu huandika kwa lugha aliyofundishwa kuandika. Ningeweka maneno ya kutafutia kwa Kifaransa na simu ya kupokea wateja kwa Kiswahili. Kampala, kwa sasa, Kiingereza.

Na kuna soko lililo karibu zaidi ya Namanga. Fuata Waiyaki Way kutoka ofisi hizo za Westlands, shuka Kangemi. Au toka Lavington uteremke Kawangware, mwendo wa miguu. Mama mwenye duka pale haandiki sana, ila anabonyeza alama ya kipaza sauti na kuisemesha simu, na husema anavyosema. Tangazo la Kiingereza cha Westlands halimpati, na la Kiswahili cha Dar pia halimpati. Naye anahitaji orodha yake, iliyosikilizwa kwake.

Kampuni ya Westlands humlipa mtafsiri wa Kijerumani kwa kila neno na haioni ajabu. Yule mhasibu wa Temeke alirekebisha maneno mia mbili huku chai yake ikipoa, na hakulipwa chochote, kwa sababu ilionekana ni lugha tu ya nyumbani. Ninaomba ofisi zetu zimlipe mtu kama yeye kwa kiwango kilekile cha mtafsiri wa Kijerumani, kabla hazijailipa Google mbofyo wa kwanza.